Mikro Isiyotiwa Nta

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita mwaka 2024, saa nne asubuhi, Malaika binti Ali alikaa juu ya kigoda katika ua wa mama yake huko Mikelenge, mjini Kindu, Kongo, akachomeka waya wa gitaa kwenye ampli mpya. Ampli ilikuwa imefika jana yake nyuma ya pikipiki iliyopitia Kampene, imefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, na bado ilikuwa na matope kwenye pembe. Akasogeza butoni ya volimu ya gitaa mpaka namba nne. Akapiga uzi wa tatu. Bafle, spika ya ampli, likatoa sauti ya uzi, na chini ya sauti ya uzi ikatoka sauti ya mama yake ikiuliza chumvi iko wapi.

"Iko ndani ya kopo la maziwa," mama yake, Sharifa, akajibu kutoka jikoni, huku anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Akatwanga mara mbili tatu zaidi, kisha mchi ukasimama. Kopo lile la maziwa liliota kutu likatupwa kabla Malaika hajaanza shule. Sharifa akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kikwembe, kile kitenge alichojifunga kiunoni, akasimama mbele ya bafle.

"Piga tena," akasema.

Malaika akapiga tena. Safari hii mwanamume mmoja mwenye sauti nyembamba akacheka, akasema chumvi imekwisha tangu jana, kwani wewe ulikuwa wapi?

"Huyo njo baba yako," Sharifa akamwambia binti yake, na "njo" ya Kindu ni "ndiye". "Keti vizuri. Usiache uzi ulale."

Malaika alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia baba yake. Akaketi vizuri.

Mchana wakamwita Twaibu, mdogo wake Ali, fundi wa redio mwenye meza yake karibu na soko. Twaibu akasikiliza namba nne, akasikiliza namba mbili, akafungua gitaa kwa bisibisi na kuchungulia ndani kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Kisha akasema ni kosa lake mwenyewe, na kwamba kosa lenyewe ni nta.

Mikro ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele mara elfu saba, na kazi yake ni kusikia chuma kikitetemeka na kupeleka habari kwa ampli. Mikro ya gitaa hili Twaibu aliitengeneza kwa mkono, katika nyumba hii hii, mwezi wa nne mwaka 2002. Sumaku aliitoa katika bafle lililokufa, waya aliutoa katika simu ya zamani ya reli. Mizunguko aliihesabu kwa tasbihi, punje moja kwa kila mia, akaenda mpaka punje ya sabini. Baada ya hapo mikro inatakiwa ichovywe katika nta ya moto ili waya utulie. Mikro isiyotiwa nta haitulii. Inasikia hata mambo yasiyoihusu.

Lakini mwezi ule treni ilikuwa haiji, boti zilikuwa hazipandi, waasi walikuwa wameushika mji na watu wa msituni walikuwa wameuzunguka mji, na sabuni ilikuwa inakatwa kwa wembe. Ndani ya nyumba ulibaki mshumaa mmoja. Twaibu alikuwa ameshauweka ndani ya kikopo juu ya makaa, na magharibi ilikuwa inaingia, Sharifa aliposhikwa na uchungu.

"Shemeji, mshumaa huu ni wa mutoto," alisema kutoka chumbani.

Twaibu hakubisha. Aliutoa kikoponi, umelegea upande mmoja, akampelekea mkunga, na Malaika akazaliwa kwa mwanga wake. Mikro ikaingizwa kwenye gitaa bila nta. Ali akachonga namba za volimu kwa ncha ya msumari, moja mpaka kumi, akalitundika gitaa kwenye msumari wa ukuta wa chumbani, akasema nta tutatia mishumaa ikirudi. Mishumaa iliporudi Ali mwenyewe hakuwepo, na hakuna aliyekumbuka habari ya nta.

"Basi ilikuwa inasikia tu," Twaibu akasema huku anafunga skrubu. "Mikro ikiwa mpya inashika kila kitu mwaka wa kwanza. Baadaye inachoka, kama sisi wote."

"Na miaka yote hii mbona ilinyamaza?" Malaika akauliza.

"Ulikuwa unachomeka kwenye redio yangu. Bafle ya redio inapasuka ukipita namba mbili. Kwa namba mbili ulikuwa unasikia nini?"

Malaika akafikiri. "Watu wanapumua," akasema. "Nilijua ni redio."

Katika wiki zile wakajifunza namna mikro inavyosema. Volimu, Twaibu aliwaeleza, haiongezi kelele tu. Ukiishusha, sauti nyembamba zinakufa kwanza na nene zinabaki, mtu anasikika kama amefunikwa blanketi. Ukiipandisha, wembamba unarudi, na umbali nao unaongezeka. Namba mbili ilikuwa chumba cha kulala. Nne ilikuwa jikoni. Tano ilifika ua wa jirani, sita avenyu nzima, saba soko na msikiti. Nane ilifika stesheni, ambako mwaka ule hapakuwa na kitu ila vyura. Pia ikaonekana kwamba mikro inafuata tarehe: siku ya tarehe kumi inasema ya tarehe kumi, siku ikipita haiyarudii.

Habari zikatembea. Mama Bibiche wa nyumba ya nyuma alikuja kila asubuhi na kiti chake kusikia, kwa namba tano, mama yake aliyefariki akikohoa na kuwafokea kuku. Alisikiliza, akashukuru, akabeba kiti chake. Mzee Fadhili alikuja kwa ajili ya mbuzi wake aliyeibiwa katikati ya njaa ile. Akamsikia mkewe mwenyewe akimchinja taratibu na kuwaambia watoto wasimwamshe baba. Mzee Fadhili akaondoka bila kumaliza chai. Siku tatu hakusema na mkewe, ya nne akasema naye, kwa sababu nyama ile na yeye aliila.

Sharifa hakuwa na haja na mbuzi. Alikuwa anangoja tarehe kumi na nane ya mwezi wa saba.

Tarehe hiyo, mwaka 2002, siku ya Alhamisi, Ali alivaa shati lake la bluu la kazi ya reli, akateremka mtoni alasiri kutafuta mafuta ya mawese, na hakurudi. Wengine walisema alivuka akaingia msituni. Wengine walisema yuko Kisangani. Mmoja aliapa amemwona Lubumbashi na mke mwingine, mnene. Sharifa hakumwamini hata mmoja na hakumkatalia hata mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwa mke wala mjane. Sahani ya Ali aliiosha kila jioni pamoja na nyingine. Shehe alimwambia zaidi ya mara moja kwamba sheria ina njia, mwanamke aliyepotelewa na mume anaweza kufunguliwa. Sharifa alimjibu kwa heshima kwamba hawezi kumzika mume kwa kubahatisha.

Na karatasi ya kifo hakuipata. Karatasi hiyo inaanzia kwa shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, na shefu wa avenyu, tangu wakati wa vita mpaka leo, ni Papa Hamisi. Kila alipoulizwa, Papa Hamisi alivua miwani na kusema: "Mama Malaika, mimi ningependa. Lakini karatasi inataka shahidi. Leta muntu mumoja aliyeona." Hakuwa mtu mbaya wa kusalimiana. Kila Idi alimpelekea Sharifa samaki, wakubwa, waliokwishaparuliwa.

Mwaka huu kalenda ilikuwa imejirudia: tarehe kumi na nane ya mwezi wa saba iliangukia tena Alhamisi. Sharifa aliona hiyo ni heshima, akashona kikwembe.

Shida zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa Rodrigue. Rodrigue njo mukubwa wa orkestra, bendi anayopigia Malaika, na ampli ni yake. Jumamosi ya tarehe ishirini orkestra ilikuwa na harusi kubwa, harusi ya binti wa Papa Hamisi, na pale mtu hapigi kwa namba nne. Lakini gitaa lilipopita namba nane, mikro ilianza kupiga kelele yenyewe: sauti ya bafle iliingia tena ndani ya mikro, mikro ikairudisha kwa bafle, wakawa wanafokeana mpaka mbwa wa Mikelenge yote wakaitika. Rodrigue alisema kwa upole kwamba anaelewa habari za marehemu, lakini itiwe nta.

"Ukitia nta, wote watanyamaza?" Sharifa akamuuliza Twaibu.

"Watanyamaza. Neno la mwisho litakalosemwa karibu nayo tu njo linaweza kufungiwa ndani, likiingia wakati nta iko bado moto. Mengine yote yanakwenda."

Wakapatana: nta itatiwa Ijumaa ya tarehe kumi na tisa. Alhamisi ni ya Sharifa.

Shida ya pili ilikuwa kwamba mto uko mbali, mto uko namba tisa, na kwa namba tisa hakuna kinachosikika ila kelele ile. Twaibu alizunguka nyumba siku mbili akipima kwa hatua. Mikro na bafle, alisema, wasionane. Gitaa libaki chumbani, kwenye ukuta wake. Bafle liende mbali, nyuma ya ukuta wa matofali. Akaunganisha nyaya zote alizokuwa nazo, akapata mita sitini na kitu, akatembea nazo avenyu yote akitafuta ukuta wa matofali unaofikika. Ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa wa Papa Hamisi.

Papa Hamisi alikubali pale pale. Alisema baraza lake ni la watu wote. Akaagiza viti, akaagiza chai ya tangawizi.

"Kuna jambo moja, shemeji," Twaibu akamwambia Sharifa Alhamisi mchana, akiwa amechuchumaa na koleo mkononi. "Waya ukiwa murefu hivi unakula sauti nyembamba. Nene zitafika. Nyembamba sijui."

Ali alikuwa anaimba sauti ya juu kabisa katika orkestra yake. Watu wa reli walikuwa wanamtania kwamba ameazima koo la mtoto.

"Tutasikia kitakachofika," Sharifa akasema.

Saa tisa na nusu Malaika akaketi chumbani chini ya msumari wa zamani, gitaa magotini. Kule barazani wakaketi Sharifa na kikwembe chake kipya, Twaibu, Rodrigue aliyekuwa anachunga jenereta lisizime, na Papa Hamisi katika kiti chake cha mikono. Twaibu akapiga mluzi. Malaika akasogeza butoni mpaka namba tisa, akaanza kupiga uzi wa sita, polepole, bila kuuacha ulale, kama alivyofundishwa.

Mto ulifika kwanza. Walisikia maji yakigonga mbao za mitumbwi, wakasikia kasia, wakasikia wanawake wakibishana kuhusu muhogo. Kisha wanawake wakanyamaza kwa pamoja na zikasikika buti. Mtu asiye wa Kindu, mwenye Kiswahili cha kwingine, akauliza ni nani katika avenyu hii anayewavushia watu wa msituni mawe ya redio, yaani betri. Mwaka ule kila mtu alikuwa amevusha kitu, wengine mawe, wengine chumvi, wengine watoto wao. Yule mtu akasema anataka mmoja tu, na anamtaka sasa.

Hapo ikasikika sauti nene, iliyotulia, inayojulikana na kila aliyewahi kuomba karatasi Mikelenge.

"Njo huyu," ikasema. "Wa shati ya bluu."

Baada yake kikapita kitu chembamba sana, chembamba kuliko mbu. Kilikuwa kirefu kama sentensi moja, lakini hakikuwa na maneno. Waya ulikuwa umekula maneno. Kisha injini ya boti ikawaka, ikaenda, ikafika katikati ya mto, ikazimwa. Ikakaa kimya muda wa kufunga kiatu. Ikawaka tena, ikarudi.

Wanawake wakaanza tena kubishana kuhusu muhogo, kwa sauti ya chini.

Papa Hamisi akaweka kikombe juu ya sahani yake. "Njo mimi," akasema. "Ile ilikuwa sauti yangu kabisa. Haikubadilika."

"Ndiyo, papa," Twaibu akasema. Koleo lilikuwa bado mkononi mwake. Alilitazama, akalirudisha mfukoni.

"Walitaka muntu mumoja. Nisingewapa mumoja wangechukua kumi. Wewe Twaibu ungekuwa wa pili, ulikuwa umesimama nyuma ya mitumbwi."

"Nilikuwa nimesimama," Twaibu akakubali. "Niliposikia buti nilikimbia, sikuona kitu."

"Kwa nini yeye?" Sharifa akauliza.

Papa Hamisi akafikiri kwa dhati, maana alikuwa mtu wa kujibu anapoulizwa. "Shati yake ilikuwa inaonekana," akasema.

Rodrigue akazima jenereta. Papa Hamisi akamwongezea Sharifa chai, Sharifa akainywa, kwa sababu ilikuwa mbele yake. Akasimama, akaaga, akafuata ule waya mita sitini mpaka nyumbani.

Malaika alikuwa bado ameketi chini ya msumari. Hakusikia bafle, lilikuwa mbali mno. Lakini aliposhika namba tisa aliinama akaweka sikio kwenye ubao wa gitaa, pale ambapo hakuna waya wa kula kitu, na mambo yote alikuwa ameyapata pale.

"Baba alisema kitu," akasema. "Baada ya yule muntu kusema shati ya bluu."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Shefu, mafuta haya umupelekee Sharifa.'"

Sharifa akaketi juu ya kitanda. Aliikumbuka chupa ile. Ilikuwa ya bia, imezibwa kwa gunzi la hindi, na ililetwa magharibi ya siku ile na Papa Hamisi mwenyewe, akasimama mlangoni akasema amepata mafuta kidogo mtoni, akamfikiria mama mwenye mtoto mchanga. Sharifa alimshukuru sana. Alimwombea dua. Aliyatumia mafuta yale kwa mwezi mzima, tone kwa tone, na mengine alimpaka Malaika kichwani.

Akalia hapo, kwa sauti, mpaka Mama Bibiche akaja na kiti chake bila kuitwa. Akalia kilio chote cha miaka ishirini na miwili, mwaka baada ya mwaka, na alipomaliza alioga, akavaa kikwembe cheupe, akafunga pazia la mlango. Shehe alipokuja kutoa pole alimweleza kwamba kwa kitabu eda inahesabiwa tangu siku mume alipofariki, kwa hiyo yake ilikwisha zamani sana.

"Kitabu ni kweli, shehe," Sharifa akasema nyuma ya pazia. "Lakini mimi sijakaa."

Shehe akamwacha akae.

Ijumaa baada ya sala Twaibu alikuja na makaa. Aliweka meza ndogo uani karibu na mlango, akatoa mikro kwenye gitaa bila kukata nyaya zake, akailaza juu ya kitambaa. Ilikuwa ndogo, nyeusi, haikutisha. Sharifa akapitisha mkono chini ya pazia akampa mshumaa mpya, mzima.

"Nilikuwa na deni lako," akasema.

Nta ilikuwa imeanza kuyeyuka Papa Hamisi alipobisha. Alikuja na karatasi. Sasa shahidi alikuwa amepatikana, alisema, na shahidi huyo ni yeye mwenyewe, hakuna tena sababu ya kumchelewesha mama wa watu. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi, mbele ya meza, akavaa miwani akasoma: Ali, mfanyakazi wa reli, amefariki Kindu tarehe kumi na nane mwezi wa saba mwaka elfu mbili na mbili. Sababu ya kifo: maji.

"Maji?" Twaibu akauliza.

"Alikufa ndani ya maji. Ni uongo?"

"Waliomtia majini je? Na aliyemuonyesha?"

Papa Hamisi akageuza karatasi ili aione. "Mahali pa sababu kuna mustari mumoja tu," akasema, na kweli ulikuwa mmoja, tena mfupi. Mhuri ulikuwa umeshapigwa.

Twaibu alichovya ncha ya kijiti ndani ya nta, ikawa tayari. Akaishika mikro kwa nyaya zake, akaichovya mara moja, akaitoa inachuruzika, kwa sababu nta inaingia kwa awamu mbili.

"Papa shefu," Sharifa akasema. "Jana sikusikia vizuri. Waya ulikuwa murefu. Wewe ulisema nini, kabisa kabisa?"

Papa Hamisi akavua miwani. Alikuwa ameombwa kwa adabu na mwanamke aliye edani, na hakuona vibaya kumtimizia. Akainamia meza kidogo ili sauti ipite chini ya pazia.

"Nilisema, 'Njo huyu. Wa shati ya bluu.'"

Twaibu akaizamisha mikro ndani ya nta, akaiacha humo mpaka mapovu yakaisha.

"Asanti, papa," Sharifa akasema.

"Pole ya musiba," Papa Hamisi akasema, akaenda kuangalia mahema ya harusi.

Jumamosi Malaika alisimama mlangoni amevaa, gitaa mgongoni, hajui kama aende. Kwenda kumchezea mtu yule! Alisema anaweza kumwambia Rodrigue anaumwa.

"Nenda," mama yake akasema. "Kazi ni kazi. Piga kwa namba kumi."

Mikro ilikuwa imetulia kama mikro ya dukani. Kwa namba tatu ilikuwa laini, kwa namba sita iling'aa, kwa namba tisa ilijaza mahema yote mawili bila kupiga kelele, na Rodrigue alimkonyeza Malaika kwa furaha. Bibi harusi alipoingia, Malaika akapandisha mpaka kumi. Na kwa kila pigo la uzi wa sita, chini ya muziki, sauti nene na iliyotulia ikatoka kwenye bafle: Njo huyu. Wa shati ya bluu.

Wageni wakaitambua mara moja. Ilikuwa sauti ya mwenye harusi. Ilikuwa inaangukia vizuri sana kwenye ngoma, hata mpiga ngoma akapunguza mkono ili iingie, na kabla wimbo haujafika katikati watu walikuwa wanaiitikia. Kijana mmoja aliyekuwa amevaa shati la bluu akasukumwa katikati, akabebwa juu juu, akazungushwa. Habari za Alhamisi zilikuwa zimeshafika kila nyumba, hakuna aliyekuwa hajui maneno yale yametoka wapi. Wazee wengine walicheza wakilia. Lakini walicheza. Papa Hamisi mwenyewe alisimama, akacheza na binti yake, mikono juu, akaja akambandika Malaika noti kwenye paji la uso kama desturi ilivyo. Malaika hakuiondoa wala hakuigusa. Ikaanguka yenyewe aliposogea.

Nyumbani, nyuma ya pazia, Sharifa alisikia kila kitu. Alikuwa amekaa kitandani. Sahani ya Ali aliiosha jioni ile kwa mara ya mwisho, akaipanguza, akaiweka kwenye kabati pamoja na za wageni.

Eda yake ilikwisha Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu mwezi wa kumi na moja. Asubuhi yake alivaa kikwembe cha rangi, akachukua ile karatasi, akaenda barazani kwa Papa Hamisi, ambaye bado ni shefu wa avenyu, na watu watano walikuwa wamejipanga kungoja mhuri wake. Wakampisha. Akaomba lile neno moja, 'maji', libadilishwe.

Papa Hamisi akaisoma karatasi upya, yote, kwa haki. Akaonyesha mstari kwa kidole. Ulikuwa bado mmoja.

Upande wa sokoni kulikuwa na harusi nyingine, na orkestra ilikuwa inajaribu vyombo. Siku hizi hakuna harusi Mikelenge isiyouomba wimbo ule, na vijana wanakwenda wamevaa mashati ya bluu wakitumaini kubebwa. Malaika akapandisha mpaka kumi. Sauti ikapita juu ya mapaa, ikafika barazani, nene, imetulia.

Papa Hamisi alikuwa anamtafutia Sharifa kikombe cha chai. Alipoisikia hakugeuka. Aliweka kikombe mezani, na kwa kidole kimoja, bila kujua, akawa anapigapiga juu ya mhuri kufuata ngoma, mpaka wimbo ulipokwisha akamwita mtu wa kwanza katika foleni.